Mwalimu Anajibu: Ziada ya karatasini na sharti la Gauss

Barua tatu za safari hii zinahusu jambo moja, yaani namba tunazoandika kwenye fizikia ambazo zinaweza kubadilishwa bila kitu chochote halisi kubadilika, ingawa walioziandika hawajuani: fundi umeme, mwanafunzi wa chuo na mwalimu wa sekondari. Nimeanza na ya fundi. Atakayeielewa hiyo ataisoma ya pili kwa wepesi zaidi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Toleo lililopita uliandika kwamba volti haina sifuri yake yenyewe, sifuri tunaichagua sisi. Kama ni ya kuchagua, kwa nini tunahangaika kuchimbia ethi? Na kwa nini ndege anatua kwenye waya wa treni ya umeme hafi, wakati mtu akiugusa anakufa?

JIBU: Marahaba fundi. Chukua mita yako uitazame. Ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Hata testa ya bisibisi ina ncha mbili, maana ya pili ni mwili wako. Ndiyo sababu haiwaki mpaka uweke kidole kichwani pake. Hakuna chombo kinachopima volti ya mahali pamoja. Kila kipimo ni tofauti kati ya mahali na mahali.

Sasa chukua betri ya sola ya volti 12. Umezoea kuita upande wa hasi sifuri na upande wa chanya 12. Uite hasi 1,000 na chanya 1,012. Taa itawaka vilevile, simu itachaji vilevile, na betri haitajua kwamba umebadilisha majina. Hicho ndicho nilichokisema toleo lililopita.

Kuchimbia ethi ni kazi nyingine kabisa. Hapo huchagui namba, unaunga waya, na kuunga waya kunabadilisha mambo kweli. Umeunganisha bati la friji na ardhi anayosimama mwenye nyumba, ili fezi ikivuja kwenye bati, mkondo upate njia ya kurudi na swichi kuu ikate, na tofauti kati ya mkono wake na mguu wake isifike kiwango cha kuua. Unajua mwenyewe kiangazi cha huku kilivyo: ardhi ikikauka ukinzani wake unapanda, na fimbo iliyofanya kazi vizuri Februari inaweza kukuangusha Oktoba. Ungekuwa uchaguzi wa karatasini tu, mvua isingehusika.

Ndege naye yuko salama kwa sababu hiyohiyo ya tofauti. Waya wa juu wa reli ya SGR una volti 25,000 ukilinganishwa na ardhi, lakini miguu yake yote miwili iko juu ya waya uleule, na kati ya mguu na mguu karibu hakuna tofauti. Mtu aliyesimama chini ana tofauti yote ya 25,000, na kwa kiwango hicho hana haja hata ya kugusa: akisogea karibu sana umeme unaruka wenyewe. Waambie vijana wako wasiujaribu hata kwa fimbo.

Nikuongezee jambo, kwa sababu ndilo litakalotupeleka kwenye barua inayofuata. Kuongeza 1,000 kila mahali kwa pamoja ni rahisi. Je, nikiongeza 1,000 Nkuhungu, 3 tu Makole, na kule Ihumwa nibadilishe kila sekunde? Tofauti zote zitavurugika, na hesabu zitasema kuna umeme mahali ambapo haupo. Isipokuwa kama kuna namba nyingine zinazobadilika sambamba, kufuta vurugu hiyo. Namba hizo zipo. Ni tatu kila mahali, zinaitwa potenshali vekta, na ndizo tunazotumia kueleza sumaku. Ukizijumlisha na volti unapata namba nne kila mahali na kila wakati. Ukiibadilisha volti upendavyo, mahali kwa mahali na sekunde kwa sekunde, unaweza kuzirekebisha zile tatu ili uga wa umeme na uga wa sumaku (yaani msukumo ambao chaji ingeupata kila mahali) vibaki vilevile bila kugusika. Uhuru huo ndio unaoitwa ulinganifu wa geji.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu, chuo hapa Dodoma. Kwenye nadharia ya uga tumefundishwa mambo mawili ambayo kwangu hayapikiki chungu kimoja. La kwanza, ulinganifu wa geji si ulinganifu wa kweli, ni ziada ya maandishi tu. La pili, nguvu ya umeme na sumaku, nguvu dhaifu na nguvu kali zote zinatokana na ulinganifu huohuo. Ziada inazaaje nguvu? Halafu tukaingia kwa mwanafizikia Paul Dirac na masharti ya daraja la kwanza na la pili. Nayakariri, lakini sioni yanahusianaje na hayo mengine.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo wengi wanalimeza bila kulitafuna, na nimefurahi hukulimeza. Jibu langu ni kwamba la kwanza ni kweli, la pili limefupishwa mno, na ufunguo umo katika hilo la tatu unalolikariri.

Tuanze na ulinganifu wa kweli ulivyo. Ukiizungusha meza ya maabara digrii 90, jaribio lililo juu yake linatoa jibu lilelile. Lakini meza imegeuka kweli. Mtu akiingia ndani ataona kwamba asubuhi ilitazama dirishani na sasa inatazama mlangoni. Hizo ni hali mbili tofauti zinazofuata sheria moja. Ulinganifu wa geji hauko hivyo. Ukibadilisha namba nne nilizomweleza fundi, hakuna hali ya pili. Ni hali ileile imeandikwa upya, na hakuna chombo kitakachokuambia ulitumia maandishi yapi.

Sasa fungua kaunta buku, uandike pamoja nami. Zichukue pikipiki mbili kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda Singida. Moja iko mahali x, nyingine mahali y. Tuseme tuko katika ulimwengu ambao kitu pekee chenye maana ni nafasi iliyo kati yao. Nguzo za kilomita hazipo wala ardhi haihesabiki. Lagranjiani ya ulimwengu huo, yaani fomula ambayo milinganyo ya mwendo inatokana nayo, ni nusu ya mraba wa tofauti ya kasi zao: kasi ya x kutoa kasi ya y, mara yenyewe, gawanya kwa mbili. Ukizisogeza pikipiki zote mbili mbele kwa kiasi kimoja, na kiasi hicho ukakibadilisha kila sekunde upendavyo, Lagranjiani haibadiliki. Hiyo tayari ni nadharia ya geji, ndogo kuliko zote ninazozijua.

Tafuta momenta, yaani kiasi Lagranjiani inavyobadilika kasi ya kitu ikibadilika kidogo. Ya x, niiite p, ni kasi ya x kutoa kasi ya y. Ya y, niiite q, ni hiyohiyo yenye alama ya kutoa mbele. Zijumlishe: p + q = 0. Tazama hapo kwa makini. Hujaandika mlinganyo wowote wa mwendo, hujasubiri sekunde hata moja ipite, na tayari namba zako zimefungwa. Huwezi kuanza na p na q zozote unazotaka. Hilo ndilo sharti. Dirac alisema sharti la aina hii, linalotoka moja kwa moja kwenye fasili ya momenta, ni sharti la msingi.

Sasa uliza jambo la pili: p + q inafanya nini? Katika mekanika ya Hamilton, inayoandika mwendo kwa mahali na momenta, momenta ndiyo inayosogeza. p inaisogeza x, q inaisogeza y, na p + q inazisogeza zote mbili kwa kiasi kilekile. Lakini hilo ndilo badiliko lisiloonekana tuliloanza nalo! Kile kinacholazimishwa kuwa sifuri ndicho kinachoendesha ziada. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilisimama na chaki mkononi, na hata leo nikilifundisha natamani kila mwanafunzi alifikie mwenyewe kabla sijalitamka.

Hesabu basi. Ulianza na namba nne: x, y, p, q. Sharti limekula moja. Ziada imekula nyingine, kwa kuwa x na y zinaweza kusogea pamoja bila kubadilisha chochote. Zimebaki mbili: nafasi kati ya pikipiki, na momenta yake. Kila sharti la namna hii hukata mara mbili, na ndilo linaloitwa sharti la daraja la kwanza.

Ili uone daraja la pili, ifunge kila pikipiki kwa springi yake, springi mbili zilizo sawa, kwenye nguzo moja iliyo kando ya barabara, mahali tunapopaita sifuri. Sasa mahali pana maana. p + q bado ni sifuri, kwa sababu springi haigusi momenta. Lakini ukidai sharti hilo lidumu kadiri wakati unavyokwenda, utapata jipya: x + y = 0. Masharti mawili, na yanagombana, maana p + q ndiyo inayosogeza x + y. Hakuna tena ziada ya kuendesha. Kila sharti linakata mara moja tu: nne kutoa mbili, zinabaki mbili. Hesabu imetoka sawa kwa bahati, lakini maana imebadilika kabisa. Kule kulikuwa na kitu ambacho milinganyo haikukiamua na wala haikuwa na haja ya kukiamua. Huku kila kitu kimeamuliwa.

Rudi sasa kwenye umeme na sumaku, ukiwa na kalamu ileile. Namba nne kila mahali, pamoja na momenta zake, ni nane. Kasi ya kubadilika ya volti haimo kwenye Lagranjiani ya Maxwell, kwa hiyo momenta yake ni sifuri. Sharti la kwanza hilo. Dai lidumu, na linalojitokeza ni sheria ya Gauss: uga wa umeme unaotoka katika eneo lolote unalingana na chaji iliyomo ndani. Umeijua tangu sekondari kama njia ya mkato ya kutafuta uga wa tufe. Hapa inaonyesha sura yake halisi. Haisemi uga utakuwaje kesho. Inakataza, sasa hivi, kila mahali, uga usioafikiana na chaji. Nayo inadumu kwa sababu chaji haipotei wala haizuki. Masharti yote mawili ni ya daraja la kwanza, kwa hiyo nane inapunguzwa na nne, inabaki nne: jozi mbili. Ndiyo maana mwanga una namna mbili tu za kutikisika, zote za kukingama na njia yake. Miwani ya polaroidi inaufahamu ukweli huo bila kusoma kitabu.

Na sheria ya Gauss, kama p + q, ndiyo inayoendesha ziada yake. Ukiitumia kama kisogezi, inabadilisha potenshali vekta kwa namna ileile niliyomweleza fundi.

Sasa nguvu. Mwanahisabati Mjerumani Hermann Weyl alijaribu mwaka 1918 kuufanya urefu wa vitu ubadilike kutoka mahali hadi mahali. Einstein akampinga: atomi mbili za aina moja zilizopita njia tofauti zingetoa mwanga wa rangi tofauti, na hazitoi. Mwaka 1929 Weyl alilihamishia wazo lake kwenye fezi ya wimbi la elektroni (si fezi ya nyaya, bali hatua wimbi liliyofikia katika kupanda na kushuka kwake), na hapo likakaa. Fezi ya hapa na ya pale haziwezi kulinganishwa bila kitu cha kuzibebea ulinganisho huo njiani, na kitu hicho ni zile namba nne. Mwaka 1954 wanafizikia Yang na Mills wakalipanua wazo hilo kwa ulinganifu ambao mabadiliko yake yakipishana mpangilio yanatoa majibu tofauti.

Vitabu vingi vinaishia hapo na kusema: dai fezi ibadilike mahali kwa mahali, na nguvu itajitokeza. Sikubaliani na maneno hayo, na nakuomba usiyaandike kwenye mtihani bila kuyaongezea. Dai hilo unaweza kulitimiza kwa potenshali isiyo na uga wowote, ambayo ni maandishi matupu. Nguvu inakuja unapoipa potenshali nishati yake na mwendo wake. Hapo ndipo sheria ya Gauss inapopata meno: elektroni haiwezi kuwepo peke yake, lazima ije na uga wake unaofika mbali, na mtu aliye mbali anaweza kuihesabu chaji iliyo ndani ya sanduku bila kulifungua, kwa kupima uga uliolizunguka. Hiyo si ziada ya maandishi hata kidogo.

Basi kwa nini tusiitupe ziada tukabaki na zile jozi mbili za kweli? Inawezekana. Chagua geji ya Coulomb, yaani namna moja maalumu ya kuziandika zile namba nne, tatua sheria ya Gauss, futa. Lakini bei yake utaiona mara moja: kwenye milinganyo chaji ya Dodoma itaonekana inaigusa ya Mwanza papo hapo, bila kusubiri mwanga ufike. Majibu ya mwisho bado ni sahihi, ila kila hatua unalazimika kuthibitisha kwamba hakuna kilichokimbia kuliko mwanga. Ziada ndiyo inayotuwezesha kuandika nadharia ambayo kila kitu kinagusana na jirani yake tu. Tunaibeba kwa hiari, kwa kazi hiyo.

Najua utaniuliza habari ya wanafizikia Aharonov na Bohm. Mwaka 1959 walionyesha kwamba elektroni zikipita pande mbili za koili iliyofungia sumaku yake ndani, michirizi ya mawimbi yake inasogea, ingawa njiani hazikukutana na uga wowote isipokuwa potenshali. Mwaka 1986 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walilithibitisha kwa sumaku ndogo ya umbo la pete, iliyofunikwa kwa metali isiyo na ukinzani ili uga usivuje. Je, potenshali ni kitu halisi basi? Kinachosogeza michirizi ni jumla ya potenshali ukizunguka njia nzima mpaka ulipoanzia, na jumla hiyo haibadiliki kwa geji yoyote. Potenshali ya nukta moja bado haina maana. Ya mzunguko mzima inayo.

Kuhusu historia ya masharti: Léon Rosenfeld aliyagusa mwaka 1930, Peter Bergmann na wanafunzi wake huko Syracuse wakayarudia mwishoni mwa miaka ya 1940, na Dirac akayachapisha kwa utaratibu wake mwaka 1950. Walichokuwa wanakitafuta ni nadharia ya Einstein ya uvutano iingie kwenye kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama atomi. Huko namba ni kumi kila mahali, ishirini pamoja na momenta, masharti ya daraja la kwanza ni manane, na ishirini kutoa kumi na sita ni nne. Jozi mbili tena: namna mbili za kutikisika za mawimbi ya uvutano, yale yaliyonaswa Marekani tarehe 14 Septemba 2015. Ifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa gluoni nane, chembe zinazobeba nguvu kali, unitumie jibu.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, Kondoa. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba uga wa Higgs "ilivunja" ulinganifu wa geji ndipo chembe zikapata masi. Wewe unasema ni ziada ya maandishi. Maandishi yanavunjikaje?

JIBU: Wanafunzi wako wana bahati kuwa na mwalimu anayesita kwenye neno hilo. Hayavunjiki. Shmuel Elitzur alithibitisha mwaka 1975 kwamba ulinganifu wa geji wa mahali kwa mahali hauwezi kuvunjika wenyewe. "Kuvunja" ni lugha ya mkato ya watu wanaofanya hesabu wakiwa tayari wameshachagua geji.

Waonyeshe hivi. Uga usio na masi una masharti ya daraja la kwanza, kwa hiyo una namna mbili za kutikisika. Uupe masi, kama Alexandru Proca alivyoandika mwaka 1936, na masharti yaleyale mawili yanageuka kuwa ya daraja la pili. Nane kutoa mbili ni sita, yaani jozi tatu. Chembe yenye masi ina namna ya tatu ya kutikisika, ya kufuata njia yake, ambayo mwanga hauna. Ya tatu inatoka wapi? Ndilo swali ambalo watu kadhaa walilijibu mwaka 1964, Peter Higgs akiwa mmoja wao.

Hesabu namna za kutikisika kabla ya chembe kupata masi: nyuga nne za geji, za umeme na sumaku pamoja na nguvu dhaifu, kila moja namna mbili, ni nane. Ongeza uga wa Higgs wenye sehemu nne, inakuwa kumi na mbili. Baada ya kupata masi: W mbili na Z, chembe zinazobeba nguvu dhaifu, sasa zenye masi, namna tatu tatu, ni tisa. Fotoni, chembe ya mwanga, bado mbili, kumi na moja. Inabaki moja, na hiyo ndiyo chembe iliyotangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, tarehe 4 Julai 2012, yenye masi ya GeV 125 hivi (GeV ni kipimo cha masi za chembe). Jumla bado kumi na mbili. Iandike ubaoni bila kuwaambia jibu la mwisho, na waache waitafute ile moja iliyobaki.